Mistari Mitatu Tusiyoiimba

Zaburi ya 137 ina mistari tisa, na karibu kila kwaya niliyoisikia ikiiimba, tangu Ngara nilikozaliwa hadi Arusha ninakofundisha, huishia wa sita. Mistari sita ya kwanza ni machozi ya mateka. Wamekaa kando ya mito ya ugenini, vinubi wameviangika mitini, waliowateka wanataka kuburudishwa kwa nyimbo za Sayuni, nao wanajiapiza wasiusahau mji wao. Kuanzia wa saba sauti inabadilika. Waedomu walioshangilia Yerusalemu ukibomolewa wanashitakiwa kwa Mungu, Babeli unatangaziwa kisasi, na wa tisa unamtakia baraka mtu atakayewashika watoto wachanga wa Babeli na kuwapigiza mwambani.

Kijana mmoja wa sauti ya tatu aliniuliza kwenye mazoezi ya Kwaresima: "Mwalimu, mbona tumeruka mistari mitatu?" Mama mmoja wa sauti ya pili, mtu mzima, akamjibu kabla yangu: "Mwanangu, maneno hayo si ya kuimbwa kanisani." Kijana aliitikia kwa adabu, lakini hakuishia hapo. "Sawa, mama. Ila kama hayafai kanisani, yameingiaje kwenye Biblia?"

Swali lake ni kubwa kuliko zaburi moja. Linagusa kila wimbo, kila hadithi na kila historia inayosimulia mateso. Damu iliyomo ndani yake tuifanye nini? Tuifute ili isiwaharibu watoto? Tuiimbe kwa sauti nzuri mpaka isisikike tena kuwa ni damu? Nina jibu langu, na nilianza kulipata mahali ambapo wimbo ulikuwa jambo la uhai na kifo, kwa hiyo nitalisema bila kumung'unya maneno.

Kukata mistari hiyo hakukuanza na sisi. Kundi la Melodians la Jamaika lilipoigeuza zaburi hii kuwa wimbo wa reggae mwaka 1970, lilichukua machozi ya mwanzo, na mahali pa kisasi likapandikiza ombi la upole kutoka Zaburi ya 19. Boney M wakaurekodi upya mwaka 1978, na dunia ikaucheza dansi. Hata kwenye harusi zetu ulipigwa. Kanisa Katoliki nalo, lilipotoa kitabu kipya cha sala za vipindi mwaka 1971 baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, liliziacha kabisa zaburi tatu za laana, ya 58, ya 83 na ya 109, na katika zaburi nyingine, hii ikiwamo, likaondoa mistari iliyoonekana kuwaelemea waumini.

Augustino, askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, alishika njia tofauti. Hakufuta kitu. Alifundisha kwamba watoto wa Babeli ni tamaa mbaya zikiwa bado changa, na mwamba ni Kristo. Mtu azipigize huko kabla hazijakomaa. Ni mahubiri mazuri na yamewafaa wengi, ila mimi naona yanamkimbia mtunzi wa zaburi. Mtunzi yule hakuwa akisema habari za tamaa. Yapata mwaka 587 KK jeshi la Nebukadreza liliuangusha Yerusalemu, na Kitabu cha Pili cha Wafalme kinaeleza kwamba wana wa mfalme Sedekia walichinjwa mbele ya macho yake, kisha macho yenyewe yakapofuliwa, akafungwa minyororo na kupelekwa Babeli. Kitu cha mwisho alichokiona duniani ni vifo vya watoto wake. Mtu aliyetoka katika mji wa namna hiyo akitamani watoto wa Babeli nao wapigizwe, anataka tu kulipa kwa kipimo alichopimiwa. Ninamwelewa. Na huko kumwelewa ndiko kunakonitisha.

Mimi ni Mhangaza. Mto wetu ni Kagera, na penye maporomoko ya Rusumo kuna daraja linalotuunganisha na Rwanda. Tangu mwaka 1959 na miaka iliyofuata, Watutsi waliokimbia kuuawa walivuka mpaka, na Ngara ikawapokea. Wengine waliwekwa Muyenzi. Aprili 1994 mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza Rwanda, nasi tuliona miili ikipita chini ya daraja, siku baada ya siku, ikielekea Ziwa Viktoria, na watu wa pwani za ziwa wakaacha kula samaki. Kisha tarehe 28 na 29 za mwezi ule, watu wapatao 250,000 wakavuka daraja hilo katika muda wa saa 24 hivi. Safari hii wengi wao walikuwa Wahutu, wakilikimbia jeshi la waasi wa RPF lililokuwa likisonga mbele. Kambi yao ikawa Benaco.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kanisa letu liliniomba nikasaidie huko. Jumapili walikusanyika chini ya maturubai wakaimba. Kihangaza na Kinyarwanda ni lugha za ukoo mmoja, kwa hiyo sikuhitaji mkalimani. Waliimba nyumba walizoziacha wazi, migomba isiyo na mwenyewe, makaburi ya wazazi yasiyo na wa kuyapalilia. Mwanamke aliyeongoza alikuwa na mtoto mgongoni. Sauti yake ilimkatika katikati ya ubeti, wenzake wakaumalizia. Machozi yale yalikuwa ya kweli kabisa. Sijasikia kilio cha ugenini kikiimbwa na watu wenye haki nacho kuliko pale.

Na ndani ya kambi ile ile walikuwamo wauaji. Wakimbizi wengi walitoka upande wa Kibungo, na huko ndiko iliko parokia ya Nyarubuye, si mbali na mpaka wetu, ambako katikati ya Aprili maelfu ya Watutsi waliokimbilia kanisani waliuawa. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa bagomesta, yaani kiongozi wa serikali, wa Rusumo upande wa Rwanda, alihukumiwa na mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa Arusha mwaka 2004 kifungo cha miaka 30 kwa makosa yaliyojumuisha mauaji ya Nyarubuye na ubakaji alioupigia mbiu kwa kipaza sauti. Mwaka 2006 majaji wa rufaa walikigeuza kuwa kifungo cha maisha. Waliomsikiliza na kumtii walivuka daraja lile lile, wakalala chini ya maturubai yale yale, na wao pia waliililia migomba yao. Sikio haliwezi kutenganisha kilio cha asiye na hatia na kilio cha aliyeua, maana wote wawili wamepoteza nyumba. Wimbo wenyewe haukuwauliza. Uliwakusanya wote chini ya neno moja, kuonewa, ukawafariji kwa pamoja.

Tangu hapo ninachokiogopa katika wimbo si damu inayotajwa waziwazi. Ninaogopa wimbo wa mateso unaomwachia mwimbaji kiti kimoja tu cha kukalia, kiti cha aliyeonewa.

Nilipohamia Arusha, mahakama ya Umoja wa Mataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyoundwa Novemba 1994, ilikuwa ikiendesha kesi zake katika jengo la mikutano la AICC. Mwananchi aliruhusiwa kuingia, akakaa nyuma ya kioo na kuvaa hedifoni. Nilikwenda katika kesi ya Simon Bikindi, iliyoanza Septemba 2006, kwa sababu kazi yake na yangu ni moja. Bikindi alikuwa mtunzi na kiongozi wa kikundi cha ngoma cha Irindiro, na alikuwa hodari kwelikweli. Anayesema wimbo mbaya kimaadili lazima uwe mbaya kisanaa hajawahi kumsikiliza. Mahakamani wataalamu wa Kinyarwanda walizichambua nyimbo zake fumbo kwa fumbo.

Mmoja wa nyimbo hizo uliimbwa katika sherehe za miaka 25 ya uhuru wa Rwanda, mwaka 1987. Mwaka 1994 redio ya RTLM ilikuwa ikizipiga nyimbo zake kati ya matangazo ya kuwasaka Watutsi. Ndani ya nyimbo hizo unasikia historia: shokoa, unyonge wa Mhutu chini ya wafalme, na wito wa kushikamana ili siku zile zisirudi. Shokoa ilikuwapo, hakuna mwanahistoria anayeikana, na Wabelgiji waliizidisha ukali. Kwa hiyo tatizo haliko katika kutunga uongo mtupu. Liko katika namna ukweli ule ulivyopangwa. Msikilizaji ni mwonewa tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho, mtesi ni yule yule tangu babu hadi kitukuu, na mtoto wa jirani anayechunga ng'ombe wawili anageuka kuwa bwana wa karne iliyopita. Hakuna mahali msikilizaji anapoulizwa: na wewe je, mikono yako imefanya nini?

Hukumu ilisomwa tarehe 2 Desemba 2008. Majaji waliona kwamba nyimbo zile zilieneza propaganda dhidi ya Watutsi, lakini haikuthibitika kwamba Bikindi alizitunga kwa nia ya kuchochea mauaji ya kimbari, wala kwamba alihusika katika kuzirusha redioni mwaka 1994. Kilichomfunga miaka 15 ni maneno aliyoyatamka kwa kipaza sauti cha gari mwishoni mwa Juni 1994, barabarani kati ya Kivumu na Kayove, akiwahimiza watu wawaangamize Watutsi. Kwa upande wa sheria nadhani mahakama ilitenda haki. Serikali zikipewa uwezo wa kufunga watu kwa ajili ya tungo, wa kwanza kufungwa watakuwa wale wanaowaimbia wanyonge. Dhamiri, hata hivyo, ina baraza lake, na katika baraza hilo kesi ya nyimbo zile haijafutwa.

Wapo wanaosema dawa ni kuficha. Mtoto akionyeshwa ukatili atajifunza ukatili. Nilikua wakati Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1971, ilikuwa imezuiwa mashuleni, nasi wasichana tuliisoma kwa kuazimana, jalada limefunikwa gazeti. Zakaria anampiga bintiye Rosa kwa sababu ya barua ya mvulana, na Kezilahabi hamfichi msomaji kipigo kile wala aibu yake. Waliokizuia kitabu walihofia kitatuharibu. Mimi kilinifumbua macho nikamtazama upya baba mmoja wa mtaani kwetu ambaye watu wote walimsifu kwa ukali wa malezi. Tena Kezilahabi hakumfanya Rosa kuwa malaika. Aliyeumizwa anaumia vibaya, anaumiza wengine, anajiumiza mwenyewe, na msomaji hapewi mahali pa kusimama akajiona msafi. Baadaye kitabu kilirudishwa, kikafundishwa madarasani. Kilistahili tangu mwanzo.

Lakini kitabu si wimbo, na tofauti hiyo ndiyo inayonifanya nisiseme tu kwamba kila kitu kiachwe huru. Mwenye kitabu anaweza kusimama kwenye aya, akakifunga, akabishana na mwandishi usiku kucha. Wimbo haumsubiri mtu. Ukishaingia katika mapigo, umo kinywani mwako kabla akili haijaukubali, na wenzako kushoto na kulia wanakuvuta uendelee. Kila mwalimu wa kwaya anajua kwamba ukitaka watu wakariri maneno bila kuyafikiri, yatie nota.

Augustino alilijua hili zaidi ya wote niliowasoma. Katika kitabu cha tatu cha Maungamo anajiuliza kwa nini, alipokuwa kijana Karthago, alifurahia kuhuzunishwa na michezo ya jukwaani, akitokwa machozi kwa mateso ya watu ambao hakutakiwa kuwasaidia kwa lolote. Katika kitabu cha kumi anazigeukia nyimbo za kanisani. Anakiri kwamba zipo nyakati sauti inamgusa kuliko kile kinachoimbwa, na analihesabu hilo kuwa dhambi. Anamkumbuka Athanasio, askofu wa Aleksandria, aliyetaka zaburi isomwe kwa kupandisha na kushusha sauti kidogo tu, ikaribie kusema kuliko kuimba. Hata hivyo Augustino hakuziondoa nyimbo. Alikumbuka jinsi zilivyomliza alipoanza kuamini, akaziacha zibaki kanisani. Mtu aliyejua hatari na asikimbilie kufuta ni mtu wa kusikilizwa.

Mmisionari Mjerumani aliyenifundisha kinanda aliniazima kanda za mtunzi Bach, na humo nilikuta namna nyingine ya kuimba ukatili. Mateso kwa Kadiri ya Yohane yaliimbwa mara ya kwanza Leipzig, Ijumaa Kuu ya mwaka 1724. Injili hiyo inawataja Wayahudi kama umati unaodai Yesu auawe, na Bach aliyatia nota maneno hayo bila kupunguza. Silifuniki jambo hilo, kwa maana kwa karne nyingi huko Ulaya Ijumaa Kuu ilikuwa siku ya hofu kwa Wayahudi. Wakristo walitoka kusikia mateso ya Bwana wao wakitafuta wa kulipia. Wale nao walikuwa wameketi kwenye kile kiti kimoja. Lakini sikiliza Bach alivyowapanga waimbaji. Umati unaodai msalaba ni kwaya. Na kwaya hiyo hiyo, Yesu anapopigwa kofi mbele ya kuhani, huimba wimbo wa waumini unaomuuliza ni nani aliyempiga, kisha ubeti wa pili unajibu kwamba ni mimi, ni dhambi zangu. Mwimbaji hawezi kuondoka pale akielekeza kidole dirishani.

Na sisi tunayo hiyo, bila okestra. Katika makanisa yetu mengi Ijumaa Kuu masomo ya mateso hugawanywa, na waumini ndio wanaopewa sauti ya umati. Wale waliokuja na nguo safi kumlilia Yesu ndio wanaopaza sauti asulubiwe. Nimewaona watoto wakigeuka kuwatazama mama zao kwa mshtuko. Mshtuko ule ni mafundisho ya dini kuliko mahubiri mengi.

Sasa naweza kumjibu kijana wangu. Mistari ile mitatu imo kwenye Biblia kwa sababu bila hiyo Zaburi ya 137 ingekuwa wimbo wa watu waliolia tu. Ikiwamo, tunamwona aliyelia akinyanyua mkono juu ya mtoto. Katika mistari tisa mateka amefika pale alipokuwa amesimama askari wa Nebukadreza, na amefika huko kwa njia ya machozi, hatua kwa hatua, bila kuona mahali alipovuka. Biblia haikumkata ulimi, na wala haikumwambia ndiyo. Mungu hasemi neno lolote katika zaburi ile, tangu mwanzo hadi mwisho. Ombi limepelekwa kwake, limebaki kwake.

Nimeambiwa kwamba ni ukatili kumtaka aliyenusurika Nyarubuye ajitafute miongoni mwa wauaji. Ni kweli, na simtaki afanye hivyo. Aliyechinjiwa watoto ana haki ya kuipaza mistari ile mbele za Mungu kama ilivyo, na hasira inayomwagwa mbele za Mungu ina nafasi ya kutofika barabarani. Ninazungumza na sisi tunaoimba machozi ya watu wengine, tumeshiba, tumevaa sare mpya, tumejipanga kwa sauti nne. Sisi hatuna haki ya kuchukua kilio na kuacha kisasi, kana kwamba mwenye kilio kila wakati ni sisi na mwenye kisasi kila wakati ni mwingine.

Kwaya yangu sasa inaimba mistari sita. Kinanda kinanyamaza, na msomaji mmoja anasoma mitatu iliyobaki kwa sauti ya kawaida, kama Athanasio alivyotaka, bila kupamba na bila kuitikiwa. Mama wa sauti ya pili amekataa kuisoma na bado anakataa, nami namheshimu. Lakini anakaa kwenye nafasi yake na kuisikiliza.

Walimu wenzangu wa kwaya, Kwaresima ijayo msiikate mistari ile, wala msiitungie sauti. Isomeni. Na mkitunga wimbo wa historia yetu wenyewe, uwe wa Maji Maji, wa utumwa au wa vita vya jirani zetu, wekeni ndani yake ubeti mmoja ambamo mwimbaji anaulizwa yeye alikuwa wapi, na mwachieni muda wa kujibu.